Hazina Zilizozikwa katika Milima ya Suji

Mtu akisafiri katika nchi yetu ya Tanzania, kutoka pwani mpaka kwenye maziwa makuu, ataona kwamba watu hutofautiana kwa lugha, kwa vyakula na kwa mavazi, lakini kwa jambo moja hufanana sana. Karibu kila mahali yuko mtu atakayemwonyesha jiwe, au mbuyu, au gofu la nyumba, na kumwambia kwa sauti ya chini, "Hapa pamezikwa mali." Watu wa pwani husema ni mali ya Washirazi au ya Wareno. Watu wa bara husema ni mali ya Mjerumani. Na mwenye kuonyeshwa, hata akiwa mpita njia tu, huona moyo wake umeanza kwenda mbio.

Maneno hayo sisi tuliyasikia Suji, katika milima ya Upare wa Kusini, wilaya ya Same. Hatukwenda huko kutafuta mali. Tuliitwa na ndugu wawili wa mama mmoja Mwislamu, ambaye watoto wake wakaa kwa jamaa zao Same na kusoma katika chuo chetu, ili tukawe watu wa suluhu baina yake na mumewe. Talaka ilikuwa haijatamkwa, lakini ilikuwa imekaribia, na sababu yake ilikuwa ni hazina ambayo hapana aliyeiona kwa macho. Tumeona ni vyema tuwaeleze wasomaji habari za safari ile na yale tuliyojifunza, kwani maradhi haya hayako Suji peke yake.

Tulitoka Same asubuhi, tukafuata barabara kuu iendayo Tanga na Dar es Salaam mpaka Makanya. Nchi ya chini huko ni kavu. Miti yake ni ya miiba, udongo wake ni mwekundu, na mvua zake ni chache. Karibu na hapo imepita reli ya kutoka Tanga, ambayo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1893, ikafika Moshi mwaka 1911. Na hapo hapo Makanya watu huchimba jasi, yaani ule udongo mweupe utumiwao na viwanda vya saruji. Twataka msomaji aiweke jasi hiyo katika kumbukumbu yake, maana ni mali ya ardhini ya kweli, nayo haina jini wala ramani ya siri. Huchimbwa mchana, na mwenye kuichimba hulipwa ujira wake.

Kutoka Makanya tulipanda gari la mlimani. Njia yazunguka na kupanda, upande mmoja ukuta wa mlima na upande wa pili bonde. Kadiri tulivyopanda, upepo ulibadilika ukawa wa baridi, na miti ya miiba ikatuacha, ikaja migomba na mashamba ya mahindi na maharage yaliyoshikilia mteremko. Mtu akigeuka nyuma aona tambarare lote limetandazwa kama mkeka, nalo bonde la Pangani limefifia katika ukungu wa joto. Safu hii ya milima ndiyo yenye kilele cha Shengena, kirefu kuliko vilele vyote vya Upare, chenye mita 2,462.

Wenyeji wa Suji ni Wapare, na lugha yao ni Chasu. Wengi wao ni Wakristo wa Kiadventista, na Waislamu ni jirani zao kwa shamba na kwa harusi. Twasema kweli kwamba tulipokewa vizuri katika nyumba za dini zote mbili, na hapana mlango tuliopita bila ya kuambiwa karibu.

Jioni ile, baada ya sala ya Magharibi, wazee walikuja kutuamkia, nasi tukawaomba watueleze kuhusu mali hiyo ilivyozungumzwa tangu zamani. Tukapata masimulizi matatu. La kwanza lasema kwamba Wajerumani, walipokuwa wakikimbia vita mwaka 1916, walipandisha mlimani masanduku saba ya dhahabu usiku, wakayazika, na wapagazi walioyabeba hawakurudi. La pili ni la misafara ya pembe za ndovu iliyokuwa ikipita katika nchi ya chini kwenda pwani, kwamba tajiri mmoja aliwaogopa maadui zake akaficha pembe zake katika pango. La tatu lasema kwamba chini ya jiwe fulani msituni kuna chungu kilichojaa mali, na anayekilinda ni nyoka mkubwa, au jini katika umbo la nyoka.

Mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe alituambia, "Maalim, hadithi hizi nilizisikia kwa babu yangu, naye alikuwa akicheka anaposimulia. Sisi tulisimuliwa tupate usingizi. Hawa wa siku hizi wamesimuliwa wakakosa usingizi."

Basi tazameni jinsi hadithi ya kuleta usingizi ilivyoingia katika nyumba ya yule mama. Alitokea mtu mmoja, mgeni, akijiita fundi. Alikuwa na karatasi kuukuu yenye maandishi ya Kijerumani, na juu yake mistari na namba kutoka moja mpaka saba. Akasema hiyo ndiyo ramani ya masanduku saba, na kwamba mistari yake yaelekea kwenye kiwanja cha yule bwana, nyuma ya nyumba, karibu na mfereji wa maji. Kwanza akataka mbuzi mweusi asiye na doa. Kisha akataka kitambaa cheupe na ubani. Kisha akataka fedha, akiziita ada ya kufungulia. Yule bwana hakuwa nazo, akauza kipande cha shamba, kile cha karibu na maji, ambacho mama alikuwa akipanda maharage ya kulisha watoto. Wakachimba usiku kwa muda wa majuma matatu, wakifunika shimo kwa majani ya migomba kunapokucha. Walipokosa kitu, fundi alisema mali imehama kwa sababu yumo mwanamke ndani ya nyumba mwenye moyo wa shaka, na kwamba haitarudi ila akiondoka. Naye fundi mwenyewe akaondoka kabla ya mwanamke yule, na ada ikiwa mfukoni mwake.

Mama alipopewa nafasi ya kusema mbele yetu, hakusema mengi. Alisema, "Mali hii imekula mbuzi, ikala shamba. Sasa yataka kunila mimi. Nauliza tu, nikishaliwa mimi, atafuata nani?"

Mume alikaa kimya, akitazama chini. Hakuwa mtu mwovu. Alikuwa mtu wa kazi aliyechoka na umaskini, akaonyeshwa njia ya mkato. Kwa hiyo hatukuona vyema kumkemea, tukaamua kuyapima masimulizi yale moja moja pamoja naye, mchana kweupe.

Tukaanza na Mjerumani. Ni kweli kwamba Wajerumani walikuwa katika milima hii. Mwaka 1903 wamisheni wa Kiadventista kutoka Ujerumani walifungua kituo chao cha kwanza cha Upare mahali paitwapo Giti, na Suji ikawa miongoni mwa vituo vyao vya awali. Lakini watu hao walikuwa waalimu na wahubiri, hawakuwa watunza hazina wa serikali. Mmoja wa wamisheni hao wa Upare, jina lake Ernst Kotz, alijifunza lugha ya wenyeji, na mwaka 1909 sarufi yake ya Chasu ikachapishwa Berlin. Mwaka 1922 akatoa kitabu kingine juu ya mila za Wapare. Sisi si watu wa dini yao, lakini haki husemwa. Kama yako masanduku waliyoyaacha, basi yalikuwa ni ya herufi, na kila mwenye kusoma aweza kuyafungua.

Na ni kweli pia kwamba vita vilipita hapa. Mwezi wa Machi 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yaliingia Moshi, na mwezi wa Mei yakashuka kufuata reli na mto Pangani, milima ya Upare ikiwa ubavuni mwao. Wajerumani wakarudi nyuma wakiharibu reli waliyoijenga wenyewe. Lakini tuulize, je, serikali hiyo wakati ule ilikuwa na dhahabu ya kutupa milimani? Meli za kivita za Waingereza zilikuwa zimeifungia pwani, na sarafu zilikuwa zimeadimika, hata serikali ikalazimika kuchapa noti za karatasi hapa hapa nchini. Mwaka huo huo wa 1916 ikapiga sarafu zake Tabora, senti ndogo zilizoitwa heller kwa shaba ya manjano, na sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo na mlima nyuma yake. Dhahabu yake ilitoka machimbo ya Sekenke. Sarafu hizo za dhahabu hazikutimia 17,000, na kila moja ilikuwa na uzito wa gramu saba na kidogo.

Tukamwambia yule bwana achukue kijiti apige hesabu mchangani. Alisoma shule ya msingi, hesabu aliijua. Akapata kwamba sarafu zote za dhahabu zilizopigwa Tabora, ukizikusanya pamoja, hazifiki kilo 120, yaani mzigo wa wapagazi watano. Na Tabora iko mbali na Upare, upande wa pili wa nchi. Basi masanduku saba yaliyojaa yalitoka wapi? Serikali iliyokuwa ikihesabu heller za shaba haikuwa na dhahabu ya kusahau mlimani. Yule bwana aliitazama hesabu yake kwa muda, kisha akaifuta kwa mguu wake mwenyewe.

Lakini hatukutaka aondoke akidhani kwamba Mjerumani hakuficha kitu chochote. Liko jambo moja kubwa alilolificha mwaka ule, na habari zake zajulikana. Katika ziwa Tanganyika walikuwa na meli kubwa, jina lake Goetzen, iliyotengenezwa Ujerumani, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa Kigoma. Mwezi wa Julai 1916, walipoona mji utatekwa, wakaizamisha wao wenyewe ziwani. Lakini kabla ya kuizamisha waliipaka mitambo yake mafuta mazito, isile kutu, wakitumaini kwamba siku moja itatumika tena. Mwaka 1924 Waingereza wakaitoa majini, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina jipya la Liemba. Ikabeba watu na samaki na mahindi ya watu kwa vizazi. Basi aliyetaka kitu chake kidumu alikipaka mafuta, akakiacha mahali panapojulikana, na faida yake ikawafikia watu ambao hakuwahi kuwaona. Tutarudi katika maana hiyo.

Baada ya hapo tukaomba tuonyeshwe ile ramani. Karatasi ilikuwa ya manjano kwa uzee, imekunjwa mara nyingi. Sisi hatujui Kijerumani. Lakini alikuwapo barazani fundi cherehani wa pale kijijini, mtu mzima, akainyoosha shingo kutazama, kisha akaichukua mkononi na kuanza kucheka kidogo kidogo. Akasema, "Jamani, hii si njia ya mali. Hii ni njia ya uzi." Akatuonyesha: namba moja ni pale uzi utokapo katika kibiringo, namba mbili ni pale upitapo juu, na hivyo hivyo mpaka namba saba, ambayo ni tundu la sindano. Ilikuwa ni karatasi ya maelezo ya cherehani ya zamani. Shamba la maharage liliuzwa kwa ajili ya kufuata njia ya uzi wa cherehani. Hapana aliyecheka tena baada ya hapo, kwani mume alikuwa amefunika uso wake kwa mikono.

Likabaki la jini. Na hili ndilo lililotuuma zaidi, kwa sababu fundi yule alikuwa amechanganya maneno yake na visomo vya Kiarabu, wasiojua wakadhani ni dini. Sisi Waislamu twaamini kwamba majini wako, kwani Mwenyezi Mungu ametuambia hivyo. Lakini amekwisha kutuambia pia kwamba hapana ajuaye ghaibu ila Yeye. Na ametupa kisa cha Nabii Suleiman (a.s.), ambaye majini walikuwa wakimfanyia kazi ngumu. Akafariki hali ameegemea fimbo yake, nao wasijue, wakaendelea kutaabika mpaka mdudu wa ardhi alipoila fimbo, naye akaanguka. Basi fikirini, enyi wenye akili. Majini hawakujua kwamba mtu aliyesimama mbele ya macho yao amekufa. Vipi watamjulisha mgeni wa njiani kilichozikwa chini ya migomba ya watu? Na Mtume wetu (s.a.w.) amewaonya vikali wenye kwenda kwa makuhani na wapiga ramli na kuwauliza mambo yaliyofichika. Mbuzi aliyechinjwa kwa ajili ya kumridhisha jini si sadaka, wala si karama. Ni hasara katika dunia na hatari katika dini.

Pembe za ndovu hazikutuchukua muda. Pembe iliyolala katika udongo wenye unyevu kwa zaidi ya miaka 100 hupasuka na kuchakaa. Lakini lile la chungu chini ya jiwe lina asili yake, na asili hiyo yatisha kuliko jini. Wapare wa zamani, kabla hazijawafikia dini hizi mbili, walikuwa wakihifadhi mafuvu ya wazee wao katika vyungu, wakaviweka katika misitu ya ukoo au katika mapango. Basi vyungu vilikuwapo kweli, na kulindwa vililindwa kweli, kwa miiko na kwa heshima. Mwenye kuvunja chungu hicho akitafuta dhahabu atakutana na uso wa babu ya mtu. Itikadi yao si yetu, lakini dini yetu haikutupa ruhusa ya kuchezea mifupa ya maiti, wala kuvunja heshima ya makaburi ya jirani.

Twasema haya kwa sababu ugonjwa wa kutafuta hazina hauishii katika shimo moja. Wako watu katika sehemu mbalimbali za nchi waliofukua makaburi ya kale kwa kudhani ni maficho. Na mbaya kuliko hayo, wako waganga wa uongo waliowaambia watafuta madini na utajiri kwamba mali haipatikani ila kwa viungo vya ndugu zetu wenye ualbino, na nchi yetu ikaona aibu ya mauaji hayo, hasa tangu mwaka 2006 na miaka iliyofuata. Mlango ni mmoja. Leo huingia mbuzi mweusi, kesho huingia damu ya mtu. Mwenye kuufunga mlango huo mapema ameokoa zaidi ya fedha zake.

Tena iko hatari ya mlima wenyewe. Milima hii ni ya miteremko mikali, na udongo wake hushikwa na mizizi ya miti na kingo za mawe. Mwezi wa Novemba 1909 haukumbukwi na mtu aliye hai, lakini Novemba 2009 wengi twaikumbuka, pale udongo ulipoporomoka kwa mvua katika kijiji cha Goha, Mamba Miamba, wilaya hii hii ya Same, ukafukia nyumba na kuua watu. Hatusemi kwamba waliofikwa na msiba ule walichimba kitu. La, hilo lilikuwa ni kadari ya Mwenyezi Mungu na nguvu ya mvua, nasi twawaombea rehema. Twasema tu kwamba aishiye katika mteremko hana ruhusa ya kuchimba mashimo ya usiku juu ya vichwa vya jirani zake.

Huenda msomaji akauliza, "Je, hazina hazipatikani kabisa?" Hupatikana, na hatutaki kuficha. Mwaka 1984, katika kisiwa cha Pemba, mahali paitwapo Mtambwe Mkuu, zilipatikana sarafu za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari chache za dhahabu. Sarafu zile za fedha ni ndogo mno, lakini zimeandikwa kwa Kiarabu majina ya watawala Waislamu wa pwani yetu wa karne nyingi zilizopita, na maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu. Wataalamu walizisoma, na kwazo watu wakafahamu kwamba wazee wetu wa pwani walikuwa wakipiga sarafu zao wenyewe tangu zama hizo. Kama zingeangukia mikononi mwa fundi wetu wa Suji, zingeyeyushwa usiku mmoja, na majina yale yangepotea milele.

Na sheria iko wazi kwa pande zote mbili. Katika fiqhi, mali iliyozikwa na watu wa kale wa kabla ya Uislamu huitwa rikazi, nayo hutolewa khumsi, yaani fungu moja katika matano, pale pale ipatikanapo, bila ya kungoja mwaka. Lakini mali yenye alama ya kuwa ni ya watu walio karibu nasi, ambao wenyewe au warithi wao waweza kujulikana, hiyo ni lukta, kitu kilichopotea. Aliyekiokota hana budi kukitangaza mwaka mzima kabla ya kukigusa. Na iliyomo katika ardhi ya mtu haiwi ya mpita njia mwenye jembe. Kwa upande wa serikali, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yakataza kuchimbua vitu vya kale bila ya leseni. Basi mwenye kuchimba kwa siri, kwa taa iliyofunikwa, amekwisha kujihukumu mwenyewe kabla ya kadhi na hakimu.

Siku ya pili wazee walitutembeza. Walituonyesha mifereji ya maji iliyochongwa ubavuni mwa mlima, na kingo za mawe zinazozuia udongo, wakatueleza habari za ndiva. Ndiva ni bwawa la kuchimbwa kwa mikono, lenye kingo za udongo na mawe. Maji ya kijito huingizwa humo usiku, yakajaa taratibu, na asubuhi hufunguliwa yakaenda mashambani kwa zamu. Kule Bangalala, chini ya milima hii, iko ndiva ya Manoo ambayo watu wameitumia kwa vizazi. Hazijengwi na mtu mmoja. Hujengwa na kusafishwa kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ambayo kila nyumba hutoa mtu wake. Mzee mwenye ndevu nyeupe alipiga mkongojo wake juu ya ukingo mmoja wa mawe akasema, "Huu sijui aliuweka nani. Babu yangu aliukuta." Kisha akainama, akarudisha mahali pake jiwe lililokuwa limeporomoka.

Pale ndipo tulipokumbuka kisa kilichomo katika Suratul Kahf, ambacho wengi wetu hukisoma kila Ijumaa. Nabii Musa (a.s.) na yule mja mwema, Khidhri, walifika katika mji, watu wake wakakataa kuwakaribisha. Humo wakakuta ukuta unaotaka kuanguka, naye Khidhri akausimamisha bila ya kudai ujira. Musa akastaajabu. Baadaye akaambiwa siri yake, kwamba ukuta ule ulikuwa ni wa mayatima wawili, na chini yake ilikuwako hazina yao, na baba yao alikuwa mtu mwema, na Mola wako alitaka wakue wafikie utu uzima ndipo waitoe.

Zingatieni, ndugu wasomaji. Hapa kuna hazina ya kweli iliyozikwa, imetajwa na Mwenyezi Mungu mwenyewe, na yuko mtu aliyejulishwa mahali ilipo bila ya ramani wala mbuzi. Je, alichimba? Hakuchimba. Alijenga. Aliichunga mali kwa kuutengeneza ukuta, akaenda zake na njaa yake. Na hazina ile ilidumu kwa wema wa baba, si kwa ujanja wa mchimbaji.

Tulimweleza yule bwana kisa hicho, tukamwuliza, "Watoto wako wawili wako Same wanasoma. Katika kiwanja chako, ni ukuta gani umewasimamishia, na ni upi umewabomolea?" Hakujibu kwa maneno. Alasiri ile jirani zake, Waislamu kwa Wakristo, walikuja na majembe kwa msaragambo, wakalifukia shimo kabla ya mvua, kwani lilikuwa limekaribia kula ukingo wa mfereji. Yeye ndiye aliyetia udongo wa kwanza. Mkewe aliwapikia wote. Talaka haikutamkwa, na twamshukuru Mwenyezi Mungu. Lakini shamba la maharage halikurudi, maana aliyelinunua alilinunua kwa haki, na mbuzi amekwisha kuliwa. Hasara ya namna hii haifutiki kwa toba peke yake. Hulipwa kwa jasho la miaka.

Basi nasaha yetu kwa nyumba za Waislamu ni hii. Akija mgeni akawaambia mali imezikwa kwenu, mwulizeni kwanza kwa nini yeye ni maskini. Akitaka fedha kabla ya kuonyesha kitu, mfungulieni mlango atoke. Akisema baba amfiche mama, au mume amtoe mke, jueni kwamba yeye ndiye nyoka wa hadithi, na mali anayoizungukia ni ile mliyonayo. Wazee nao wasiache kusimulia hadithi za kale, kwani zina utamu na zina kumbukumbu za watu waliopita. Lakini wazisimulie kama yule babu wa Suji, kwa kicheko, na mtoto ajue ni hadithi.

Na mwenye kutaka kuzika hazina, na azike. Azike mbegu ya maharage, shina la mgomba, jiwe la ukingo wa ndiva. Amzikie mwanawe elimu kifuani, mahali ambapo mwizi hafiki na kutu haili. Kisha aishi kwa wema, kwani pengine Mola atawatunzia wanawe ukuta kwa ajili yake baada ya yeye kuingia ardhini.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuepushe na tamaa ya kile tusichokiweka, atupe riziki ya halali hata ikiwa kidogo, na azisimamishe nyumba zetu zisianguke. Amin. Wallahu a'lam.